Namba Moja ya Nani?

Utayasikia kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, hapa Tanga, utayasikia kwenye studio ya redio yenye kiyoyozi: msanii hajatoboa mpaka atoboe Marekani. Na ushahidi hutolewa papo hapo, kwa mkono mmoja, kama mtu anayetoa hati ya kiwanja. Freddie Mercury. Mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akahamia Uingereza, akaunda na wenzake bendi ya roki iitwayo Queen, na mwaka 1980 nyimbo zao mbili zikakalia namba moja ya chati ya Billboard ya Marekani. Kesi imekwisha. Ukithubutu kumtaja mwimbaji wetu wa taarabu Bi Shakila au bendi ya Atomic Jazz utaulizwa kwa huruma: "Hao nao walifika namba ngapi?"

Wenye hoja hii si wajinga, na hoja yenyewe ina haki ya kusemwa kwa ukamilifu kabla haijaguswa. Marekani ndilo soko kubwa kuliko yote la muziki duniani. Wimbo ukipenya kule hufuatwa na pesa, mikataba, matamasha na filamu. Chati haina mjomba wala shangazi, wanasema, inahesabu tu. Queen hawakubebwa na mtu. Kwa hiyo ikiwa muziki wa Tanga haukuonekana hata mara moja kwenye orodha ile, kosa ni la muziki wenyewe: nyimbo ndefu mno, lugha haijulikani, mafumbo yamezidi, vyombo vya kizee. Dawa nayo wanayo. Kijana afupishe wimbo, aimbe Kiingereza, afuate mdundo uliopo huko kwa wakubwa.

Hiyo ndiyo hoja. Sasa tuifungue.

1. Chati inahesabu nini

Chati inayotajwa, Hot 100, ilianza tarehe 4 Agosti 1958. Inahesabu wimbo ulivyouzwa, ulivyopigwa redioni na, siku hizi, ulivyosikilizwa mtandaoni. Yote hayo ndani ya Marekani. Hiyo nusu sentensi ya mwisho ndiyo ambayo watangazaji wetu huimeza. Makorora, Chumbageni na Mwanzange zote zikikesha na wimbo mmoja kwa mwezi mzima, kwenye hesabu ya Hot 100 mchango wao ni sifuri. Muheza sifuri. Pangani sifuri. Mombasa nayo sifuri, ili jirani zetu wasidhani wamependelewa. Halafu mtu mzima anakaa mbele ya kipaza sauti cha Tanga na kuwatangazia watu wa Tanga kwamba hii ndiyo chati ya dunia.

Tuseme basi inahesabu Marekani peke yake, lakini inahesabu kwa haki. Je? Kwa zaidi ya miaka 30 ya mwanzo, kazi ilifanywa kwa kuwauliza wenye maduka nini kinauzwa na wenye redio nini kinapigwa. Wakajibu walivyojibu. Mwaka 1959 na 1960 Bunge la Marekani lilikaa kuchunguza hongo zilizokuwa zikitolewa kwa watangazaji ili wapige santuri fulani. Jambo lilikuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria. Ilipofika Mei 1991 Billboard wakaanza kuhesabu mauzo ya albamu kwa mashine zinazosoma alama za bidhaa dukani. Wiki chache tu baadaye, mwezi Juni, kundi la kufokafoka la N.W.A., vijana weusi wa Compton ambao redio nyingi ziliwakwepa, likawa na albamu namba moja ya nchi nzima. Wanunuzi wao hawakuzaliwa wiki ile. Walikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mashine ndiyo iliyoulizwa, badala ya meneja wa duka.

Na kuna kanuni moja tamu zaidi. Hadi Desemba 1998 wimbo ambao haukutolewa kama santuri ya peke yake, ya kuuzwa dukani, haukuruhusiwa kuingia Hot 100 hata ukipigwa redioni usiku na mchana. Ndiyo maana wimbo maarufu kuliko yote wa bendi nyingine ya Kiingereza, Led Zeppelin, ule "Stairway to Heaven" wa mwaka 1971, haukuingia kabisa zama hizo. Haukutolewa hivyo Marekani, basi. Kwa mizani ya kijiwe chetu, huo ni wimbo ulioshindwa. Mwambie hivyo mpiga gitaa yeyote, kisha usogee pembeni.

2. Shahidi anawageuka

Tumrudie Freddie, kwa kuwa wao ndio waliomleta kizimbani.

Wimbo ambao umebeba jina la Queen mpaka leo ni "Bohemian Rhapsody". Ulitoka mwishoni mwa mwaka 1975. Uingereza ulikaa namba moja kwa wiki tisa. Marekani, mwaka 1976, ulifika namba tisa ukaishia hapo. Mwaka 1992, Freddie akiwa amekwisha kufariki tarehe 24 Novemba 1991, wimbo uleule, kanda ileile, bila noti moja kuongezwa, ulirudi Marekani na kupanda hadi namba mbili. Kilichotokea katikati ni nini? Filamu ya kuchekesha, Wayne's World, yenye vijana ndani ya gari wanaotikisa vichwa kwa kuufuata wimbo huo. Basi nijibiwe: ubora wa wimbo ulikuwa wa namba tisa au wa namba mbili? Kama chati inapima muziki, kanda hiyo ilijiboresha yenyewe ikiwa kabatini kwa miaka 16.

Na zile namba moja mbili za mwaka 1980? "Crazy Little Thing Called Love" ilikaa wiki nne, "Another One Bites the Dust" wiki tatu. Watani wetu hututania watu wa Tanga kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Nadhani tumeonewa, msemo ule ulikuwa wa Billboard.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni ushauri unaofungwa kwenye jina la Freddie. Fupisha wimbo, kijana, ndivyo wakubwa wanavyofanya. "Bohemian Rhapsody" ina dakika tano na sekunde 55, katika zama ambazo redio zilitaka dakika tatu. Wakubwa wa kampuni waliwaambia Queen kwamba ni ndefu mno, hakuna atakayeipiga. Bendi ikakataa kuikata. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, akaanza kuipiga na kuirudia, na wasikilizaji wakaenda madukani kuiulizia. Wimbo wenyewe hauna kiitikio kinachorudi, unabadilika mara tatu nne njiani, na katikati umepandishwa opera. Ni nani kati ya wanaomtaja Freddie leo angeupokea wimbo wa namna hiyo kutoka kwa kijana wa Makorora? Wangemrudisha nyumbani na kumshauri amwige Freddie.

Halafu kuna mwaka 1984. Queen walitoa video ya "I Want to Break Free" wakiwa wamevaa nguo za kike, kwa mzaha unaoeleweka na kila Mwingereza anayetazama tamthilia za mtaani kwao. Uingereza watu wakacheka. Marekani wakanuna, na wimbo ukakwama namba 45. Bendi haikurudi tena kufanya ziara Marekani Freddie akiwa hai. Ziara yao ya mwisho kule pamoja naye ilikuwa ya mwaka 1982. Miaka yao iliyofuata, pamoja na lile onyesho lao la Julai 1985 pale Wembley ambalo watu hawaachi kulisimulia, ilijengwa mbali na chati ya Marekani. Shahidi mkuu wa kutoboa Marekani, kwa hiyo, ni mtu aliyekuwa mkubwa zaidi kila mahali pengine.

3. "Lakini ni wetu"

Hapa nitapita upesi, kwa sababu uwetu huu una tabia ya kuja na kuondoka. Septemba 2006, ilipopangwa sherehe Unguja ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, kikundi cha kidini kilipinga kikisema kwamba mtu yule anaiaibisha Zanzibar. Mwaka 2019 ikafunguliwa Shangani nyumba ya makumbusho yake, na watalii hulipa kiingilio. Wetu mlangoni, si wetu sebuleni.

Ukweli wa safari yake uko wazi. Shule alisoma Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kupiga piano kwenye bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia karibu na London. Muziki ule ulitengenezwa kwenye studio za Ulaya, ukatolewa na EMI, na Marekani ukapokelewa na Elektra. Njia iliyopitiwa ni ya London kwenda New York, nayo ilikuwa imeshalimwa na Beatles tangu mwaka 1964. Kumtumia kama kipimo cha msanii wa Tanga ni sawa na kumlaumu aliyeachwa na basi kituoni kwa kulinganisha mwendo wake na wa abiria.

4. Tanga ilikuwa wapi wakati huo

Hapa ndipo penye uzito.

Katika miaka ya 1960 na 1970 mji huu ulikuwa na bendi za dansi ambazo majina yao hayahitaji kuelezwa kwa mtu wa makamo: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Amboni Jazz. Upande wa taarabu kulikuwa na Black Star Musical Club, na waliojitenga nao wakaanzisha Lucky Star. Black Star walifanya jambo ambalo London wangeliita mapinduzi: waliingiza gitaa na besi la umeme kwenye taarabu, wakaipa mwendo wa kuchezeka, na mkondo huo ukaingia Mombasa na kwenda hadi Burundi. Mwimbaji waliyemkuza, Bi Shakila Saidi wa Pangani, aliimba "Macho Yanacheka" na "Kifo cha Mahaba", nyimbo ambazo harusi za pwani hii bado zinazijua, miaka kadhaa baada ya yeye kufariki Agosti 2016.

Kwa nini muziki huo haukufika kwenye orodha yoyote ya Marekani? Wenye hoja wanasema ni mrefu na lugha haieleweki. Mimi nasema watazame mitambo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kilikuwa Nairobi. Bara kulikuwa na redio moja ya serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bendi ilirekodi RTD, kanda ikabaki RTD. Aliyetaka santuri alivuka mpaka, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka wenyewe ukafungwa. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliotokea Jamhuri Jazz hapa Tanga, walikuwa wameshaona mbali: walipitia Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaingia Kenya na kuwa Simba Wanyika. Kutoka kwenye bendi hiyo, mwaka 1978, walijitenga waliounda Les Wanyika, na hao ndio waliotoa "Sina Makosa". Wimbo mrefu, wa Kiswahili. Ingia kwenye ukumbi wowote kati ya Mombasa na Bukavu uupige, uone nani atabaki amekaa.

Kwa hiyo wanamuziki wa Tanga hawakushindwa kwenye mbio za Billboard. Hawakuandikishwa. Kuwapa alama ya sifuri leo ni kumfelisha mtu mtihani ambao karatasi yake haikuletwa shuleni kwao.

Najua jibu linalokuja: mbona mwaka 1989 kampuni ya London, GlobeStyle, ilitoa albamu ya Black Star na Lucky Star iitwayo Nyota? Si ndiyo kutambuliwa huko? Ndiyo, ilitoa. Nyimbo zilizomo ndani yake pwani ilikuwa imezicheza miaka mingi kabla. Kinachonikera ni kwamba leo mtu wa Ngamiani anayetaka kuzisikia kwa sauti safi ana nafasi nzuri zaidi ya kuzipata kupitia London kuliko kupitia mtaa wake. Kama hilo ni pongezi, basi na tupongezwe.

5. Tuseme wimbo umefika. Kisha?

"Lugha ndiyo kikwazo." Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu ya pamoja, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Ndani yake wameimba "Malaika" kwa Kiswahili. Boney M nao wakautoa mwaka 1981. Kiswahili hakikumzuia mtu kuusikiliza. Lakini nani alikuwa mtunzi? Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi na kuusambaza, alisema ni wake. Adam Salim, Mtanzania, alisema aliutunga mwaka 1945. Wapo na wengine. Ubishi umewazidi umri. Fadhili alifariki mwaka 2001 ubishi ukiwa haujakatwa. Wimbo ulikuwa na pasi ya kusafiria, mwenyewe hana.

Na wimbo wa Kiafrika uliofika hasa namba moja Marekani? Huo tunao. Desemba 1961 kundi la Tokens lilikalia kilele cha Hot 100 kwa "The Lion Sleeps Tonight", na sauti yake ilitoka kwenye "Mbube" ya Solomon Linda, Mzulu aliyeirekodi Johannesburg mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa shilingi kumi. Alikuwa mfanyakazi wa kawaida kwenye kampuni iliyomrekodi. Mwaka 1962, chini ya mwaka mmoja baada ya namba moja ile, alifariki maskini. Binti zake walipata suluhu ya kisheria mwaka 2006. Hesabuni wenyewe, kutoka 1939. Ningependa kumsikia mtangazaji wetu akimtangaza Linda kwa ile sauti yake ya shangwe: "Ametoboa!"

Mtu wa Tanga hapaswi kuhitaji mfano wa Johannesburg. Anao wa mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani hiyohiyo. Miche 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, namba moja duniani. Namba moja ya kweli, ya kupimwa kwa mizani. Bei ilipangwa ng'ambo, na nyuzi za viwandani zilipoingia bei ikaanguka. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata robo ya ule wa zamani. Kwa hiyo tunajua inavyokuwa kufanya kazi kwa bidii, kuongoza dunia nzima, na kusubiri mtu wa mbali akuambie umepata ngapi. Leo tunataka kuupeleka na muziki kwenye ghala lilelile, kwa hiari, na kwa makofi.

6. Gharama inayolipwa hapa

Haya yote yangekuwa porojo za kahawa kama yasingekuwa na bili. Bili ipo. Msanii aliyeaminishwa kwamba Marekani ndiyo mizani hutoa maneno kwanza: fumbo linaondoka, kwa kuwa mtu wa Chicago hatalielewa, na nafasi yake inachukuliwa na Kiingereza ambacho mtu wa Chicago pia hakielewi. Redio nayo hupunguza vibao vya nyumbani ili ijaze vya huko, kisha hushangaa mbona vya nyumbani havijulikani. Na mtunzi aliye hai, anayeishi hatua mia moja kutoka kituo cha redio, haulizwi hata kama amewahi kupata mirabaha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, na COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki, ilizaliwa nayo. Ili mtunzi alipwe, lazima mtu aandike: wimbo fulani, wa fulani, umepigwa saa fulani. Kazi hiyo haina utukufu. Haina zulia jekundu. Ndiyo maana mtangazaji anayeweza kukutajia bila kusita wimbo uliokuwa namba saba Marekani wiki iliyopita hawezi kukuambia kituo chake mwenyewe kilipiga nini jana saa nne asubuhi, wala kiliimbwa na nani.

Msinisome vibaya; atakayekwenda Marekani na aende, na akipata dola azilete. Ninachokataa ni yeye kurudi na kutugeuzia kibao kwamba waliobaki hawakuwa wanamuziki. Na kama kijiwe kinataka chati, tuwe nayo. Kila kituo cha redio cha Tanga kianze kuandika daftari la kila kinachopiga, na daftari liende COSOTA. Mwanzoni itakuwa chati mbovu: wenye redio watawapendelea rafiki zao, wenye baa watadanganya, mtu atahonga. Billboard ilikaa hivyo zaidi ya miaka 30 na hakuna aliyeacha kuiamini. Tofauti ni kwamba kwenye hii, Makorora itahesabiwa.